Chuma Walichobana Kwenye Kaboni

Gurudumu la mbele lilikwenda Mukuju bila mimi. Nililiona likishuka mteremko peke yake, limenyooka, halina papara, kama mtu anayekwenda kanisani. Mimi nilikuwa bado hewani. Mikononi nilishika usukani ambao chini yake hakukuwa na kitu. Nikatua kwa kidevu, nikamalizia kwa bega, na meno yangu ya mbele yakabaki kwenye changarawe ya Tororo, ambako naamini yapo mpaka leo.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo kando ya barabara alikuja na jembe lake. Akaniangalia, akaiangalia baiskeli.

"Hii kitu navunjika kama muwa," akasema. "Nani nakupatia?"

Ndilo swali langu pia. Ndiyo maana naandika, ingawa shule niliiacha darasa la nne.

Nirudi nyuma kidogo. Nimebeba watu kwa baiskeli hapa Busia, mpakani na Kenya, tangu ujana. Baiskeli nyeusi ya chuma, nyuma keria yenye mto wa sponji. Nimevusha akina mama wa samaki na makapu yao, nimepeleka wagonjwa hospitali ya Masafu, nimembeba bibi harusi aliyempakata jogoo. Pikipiki zilipokuja wenzangu wakahamia huko. Mimi nikabaki, na akina mama wa samaki wakabaki na mimi kwa sababu moja tu: sijawahi kumwangusha mtu. Sina shamba la maana, sina nyumba ya matofali. Nina hilo jina. Yule mzee haangushi.

Sasa, chama chetu cha baiskeli kina mwenyekiti. Jina lake silitaji, lakini ukifika stendi yetu ukauliza ni nani mwenye kofia ya ngozi ambaye hajawahi kukanyaga pedeli, utaonyeshwa hata na vipofu. Alisikia kuna mashindano ya baiskeli kwenye barabara za changarawe, kuanzia Tororo mjini, kupitia Kiyeyi, hadi Mukuju. Wageni wa Kampala na Nairobi wangekuja na baiskeli nyepesi. Yeye akataka mtu wa mpakani awashinde.

"Mzee, miguu unayo," akaniambia. "Kinachokuchelewesha ni chuma."

Tukaenda kwa muuzaji wa baiskeli za mitumba kutoka ng'ambo, nyuma ya foleni ya malori. Alituwekea tatu. Moja ya chuma chembamba, ya kijani. Moja ya alumini. Moja ya kaboni, nyeusi, ya mbio za changarawe hasa, yenye matairi mapana na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Mimi niliipenda ya kijani. Nilipoigonga kwa ukucha ilijibu. Ya kaboni niliigonga ikanyamaza.

Kwetu baiskeli huchaguliwa kwa kumketisha abiria mzito kuliko wote. Kwa hiyo nilikuja na mama wa samaki, mteja wangu wa miaka mingi, mwanamke mwenye mwili wake na maneno yake. Akaizunguka ile ya kaboni.

"Baba, hii ina utapiamlo. Mimi siketi juu ya mgonjwa."

"Mama, hii ni ya mbio, si ya samaki," akasema mwenyekiti.

"Haya, kaa wewe basi, tuone."

Hakukaa. Badala yake aliinyanyua kwa kidole kidogo cha mkono, juu mpaka usawa wa kofia, na watu wote waliokuwa pale wakasema eeeh. Uchaguzi ukaishia hapo. Kwa mtu aliyesukuma chuma maisha yake yote, kitu chepesi namna ile kinafanana na uongo. Kwa mtu ambaye hajasukuma kitu, ni maendeleo.

Kesho yake mwenyekiti alirudi peke yake kuichukua. Liweke hilo akilini.

Hapa kwetu baiskeli mpya haiingii barabarani kabla fundi hajaiongezea nguvu. Hata iwe imetoka kiwandani na nailoni yake. Foku, ile miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele, huongezewa bapa la chuma kila upande, kwa sababu wanaotengeneza baiskeli huko kwao hawajui kwamba utapakia watu wawili na gunia la mahindi. Kila baiskeli niliyowahi kuwa nayo ilipitia kwa fundi. Kwa hiyo mwenyekiti aliposema twende kwa fundi, mimi sikushangaa.

Fundi aliigusa foku kwa moto kidogo, akaacha haraka.

"Haishiki moto, mzee. Hii ni plastiki ya wakubwa."

"Usichome. Bana," akasema mwenyekiti.

Fundi akaleta mabapa na vibano, akabana.

"Kaza."

Akakaza.

"Kaza, mbona mkono wako umelala?"

Akakaza tena. Foku ikatoa sauti ndogo, kama biskuti iliyovunjika mfukoni. Fundi akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Ni rangi hiyo."

Siku ya mbio nilikwenda vizuri, na hili nalisema bila majivuno kwa sababu limekwisha. Pale Kiyeyi niliwapita wanaume waliovaa nguo za kubana mpaka unajua walichokula asubuhi. Mmoja akanipigia kelele, "Mzee, hicho chuma huko mbele ni cha nini?"

Nikamjibu, "Cha nguvu."

Kisha ukaja ule mteremko. Gurudumu nimeshakusimulia.

Nilipotoka hospitali mkono ukiwa umefungwa shingoni, nilikuta habari zimenitangulia stendi. Mwenyekiti alikuwa ameshaeleza: mzee alikunywa pombe ya malwa, akashika breki ya mbele kilevi, akaharibu mali ya chama. Malwa mimi sinywi, kanisa letu linakataza. Lakini nani ataacha hadithi tamu? Akina mama wa samaki sasa wanapanda pikipiki. Yule mteja wangu aliniambia kwa upole, "Pumzika kwanza, baba. Tutakuita."

Bega limepona. Hawajaita.

Nikaitia ile foku iliyokatika kwenye gunia, nikaenda kumgombeza muuzaji. Aliitoa, akapitisha kidole pale vibano vilipouma.

"Nani aliweka chuma hapa?"

"Ni desturi."

"Mimi nilimwambia mwenyekiti wako siku ile anaichukua. Kaboni haibanwi hovyo. Inapasukia ndani, nje huoni kitu."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema watu wa mpakani hawafundishwi baiskeli."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi niliyekuwa nakwenda kuipanda. Akasema aliongea na mnunuzi. Huyo naye namhesabu kwenye lawama. Nikaenda kwa fundi. Akasema, "Mimi naambiwa kaza, nakaza." Huyo pia namhesabu, lakini chini kabisa, maana angalau aligeuza shingo aliposikia biskuti.

Anabaki mwenye kofia. Mimi niliacha ibanwe kwa desturi, sikuwa nimeambiwa. Wewe uliambiwa.

Meno sikudai, mwenyekiti. Bega sikudai. Njoo stendi asubuhi samaki wanapofika, akina mama wakiwepo wote. Foku iko kwenye gunia, nakuja nayo kila siku. Ishike kwa kidole kile kile, waonyeshe palipoumwa, uwaambie: niliambiwa nisibane, nikabana, mzee hakulewa na hakuangusha mtu. Kila asubuhi unapita juu ya pikipiki umegeuza uso upande wa Kenya. Kuna nini huko Kenya? Mimi niko upande huu. Shuka, ujibu.