Kicheko Katikati ya Rozari

Juzi binti yangu alicheka katikati ya rozari, na mkono wangu ukainuka wenyewe.

Nilikuwa na umri wake alasiri ile nyumbani kwetu Rebero. Mama alikuwa amefunga mapazia mchana kweupe, maharage yakiungua jikoni, naye akisali kwa kunong'ona. Nzi alitua puani mwake, nikacheka. Akanizaba kofi, kisha akaniziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya vitunguu. Kwa miaka mingi niliamini Mungu hapendi watoto wanaocheka. Sasa najua kulikuwa na wanaume wenye mapanga barabarani, wakisikiliza ni nyumba ipi ina watu.

Nimechoka kuubeba mkono wa mama. Juzi niliushusha kabla haujamfikia binti yangu.

"Mama, Mungu amekasirika?"

"Hajakasirika. Cheka umalize, tuendelee."