Siku Mashine Mpya Ilipogoma

Mafundi wa kompyuta walihamishia kazi zote za ofisi kwenye mashine mpya. Mashine ikagoma, na macho yote yakamgeukia mama wa usafi.

"Mama, umegusa nini?"

"Nimegusa ndoo yangu."

Meneja akamfukuza kazi palepale. Miaka kumi na moja alikuwa akifuta vumbi katika chumba cha mashine, na hakuwahi kuchomoa hata waya mmoja.

Mara fundi mkuu akajikuna kichwa. Kumbe mashine mpya ilikuwa bado inaiuliza ya zamani kila kitu, na ya zamani walikuwa wameizima wao wenyewe asubuhi. Wakaiwasha, wakapongezana.

"Sasa mimi nimefukuzwa au sijafukuzwa?" akauliza mama.

"Mama, usituchanganye," meneja akajibu, "tuna kazi hapa."