Mifuko ya Salfa Nyuma ya Mlango

Mifuko ya salfa ilikuwa imepangwa nyuma ya mlango wa dada yangu, mishono yake haijakatwa. Niliiona nilipoingia kumjulia hali, mwezi wa nane, wakati ambao kila shamba huku Nkowe linanuka unga ule wa njano tunaopuliza kwenye mikorosho ili maua yasiliwe na ugonjwa wa ubwiriunga. Nikadhani ni mifuko ya ziada. Kisha nikatoka uani, nikaitazama mikorosho yake, nikaelewa. Maua yalikuwa meupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, na yale ya upande wa jua yalikwisha kuwa meusi na kukauka.

"Dada, hukupuliza?"

"Niliombewa," alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta mbaazi, na hakuinua uso.

Dada yangu ni mjane. Shamba lile aliachiwa na mumewe, na ndilo linalomweka mjini na kijijini, kama tunavyosema, yaani hana pengine pa kushika. Si mjinga wala mvivu. Salfa aliipokea, akaibeba mwenyewe kichwani, akaipanga nyuma ya mlango, kisha akaamua kutoitumia. Inanibidi nieleze kwa nini, maana hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na hadi leo haijaisha.

Kanisani kwetu tuna Jumapili ya maua. Wazazi wetu waliianza: mikorosho ikichanua, kila nyumba inakata tawi dogo lenye maua, inalileta kanisani na kuliweka chini ya meza ya Bwana. Tunamshukuru Mungu, tunasikia neno, tunarudi nyumbani. Hakuna aliyefikiri kwamba tawi lile linafanya kazi. Lilikuwa shukrani tu, na mahubiri ya siku ile yalikuwa yale yale ya siku zote: kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wenye dhambi, akazikwa, akafufuka, na anayemwamini anapokelewa bure. Marehemu mama yetu, aliyezaliwa upande wa Mnero na ambaye Kiswahili kilimpiga chenga hadi uzee, aliweza kuyasema hayo kwa Kimwera huku akitwanga.

Kisha akaja mwinjilisti mpya kutoka Nachingwea mjini. Nitasema kwanza yaliyo mema yake. Ana sauti nzuri. Huwatembelea wagonjwa hata njia ikiwa tope tupu, na baiskeli yake nimeiona imeegeshwa kwenye nyumba ambazo mimi mwenyewe nilikuwa sijafika. Baadhi ya wafugaji waliohamia huku kutoka kanda ya Ziwa walianza kuabudu nasi kwa sababu yake. Sina ugomvi na hayo.

Ugomvi wangu ni mimbari. Mimi sikusoma sana shuleni. Nimejifundisha kwa kusoma Biblia polepole, kurudia, na kuuliza kila sura inasimama juu ya nini. Kwa hiyo nina desturi nikisikiliza mahubiri: namwondoa Kristo kimawazo, kisha natazama kama kuna kitakachoanguka. Kwenye mahubiri ya kijana huyu hakuna kilichokuwa kinaanguka. Alihubiri adui wa shamba lako, mlango wa mafanikio yako, majira yako mapya. Jina la Yesu lilikuja mwishoni, wakati wa kufunga maombi, kama muhuri uliogongwa kwenye barua ambayo mwenye muhuri hakuiandika.

Jumapili ya maua alileta chupa ndogo za mafuta kutoka Nachingwea. Aliita watu mbele na matawi yao, akayapaka mafuta, akasema kila atakayeyarudisha shambani na kuyafunga kwenye mti wake, mti ule na wenzake imelindwa. Kisha akasema maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu: "Usimwombe Mungu kwa mkono mmoja na mkono mwingine umeshika cha dunia. Ukichanganya, umekosa vyote."

Watu wakaitika amina. Kesho yake alfajiri wengi wao walikuwa shambani na mashine mgongoni, wanapuliza salfa. Huku kwetu watu wengi wana sehemu mbili za kuwekea maneno: yapo ya kanisani na yapo ya shambani, na hawayachanganyi. Dada yangu hana sehemu mbili. Akiambiwa neno na mtu anayemheshimu, analibeba lote hadi nyumbani. Akafunga lile tawi kwenye mkorosho wa katikati, na salfa akaiacha nyuma ya mlango ili Mungu asimwone ana moyo nusunusu.

Siku ile nilipokuwa uani kwake alipita jirani, Mwislamu, rafiki wa marehemu shemeji yangu. Alikuwa na mashine mgongoni, kitambaa kimefunga pua na mdomo, nywele na nyusi zote njano.

"Shemeji," alimwita dada yangu, "sisi dua tumesoma shambani tangu maua hayajatoka, na bado napuliza. Huyo Mungu wenu salfa imemkosea nini?"

"Nenda zako," dada alimjibu. "Umekuwa kama embe bivu."

"Embe bivu linaliwa. Maua yako je?" Alicheka, kisha akaona hatucheki. Akashusha kitambaa. "Mashine iko kwangu. Tuma mtu tu, hata sasa hivi nakuja."

Tulijua wote watatu kwamba kwa sehemu kubwa ya shamba muda umepita.

Laiti yangeishia kwenye korosho. Dada alikwenda kwa mwinjilisti kumweleza, si kulalamika, kumweleza tu kwamba maua yamekauka na yeye haelewi. Alijibiwa kwamba mafuta hayashindwi. Kama yameshindwa, basi ndani yake kuna jambo lililofunga njia. Alitafute. Na hadi alipate na kuliungama, asiikaribie meza ya Bwana.

Akalitafuta. Hicho ndicho nisichoweza kukisimulia kwa utulivu. Mwanamke wa umri ule alizunguka kijiji akiomba radhi. Alikwenda kwa wifi yake kumwomba msamaha kwa ajili ya jembe ambalo wifi mwenyewe alishalisahau. Alikwenda kwa mama mmoja wa wafugaji kuungama kwamba aliwahi kuwatukana ng'ombe wake walipoingia kwenye ufuta.

"Uliwatukana kwa lugha gani?" yule mama alimuuliza.

"Kimwera."

"Ng'ombe wangu wanajua Kisukuma tu, mama. Kaa unywe maziwa."

Dada alikunywa maziwa, akashukuru, akarudi nyumbani, na dhambi yake hakuipata. Akaanza kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Alipungua mwili. Akiongea alikuwa anakatisha sentensi katikati, kama mtu aliyekumbuka kitu kingine.

Nilimfuata mwinjilisti baada ya ibada ya jioni. Tulisimama ubavuni mwa kanisa.

"Mzee wangu," alisema, "sikumwambia asipulize."

"Kweli. Hukutaja salfa."

"Unaona. Hata shamba langu mimi limepulizwa."

Alilisema hilo kwa unyoofu kabisa, kama utetezi.

"Mtumishi," nikamwambia, "kwa nini humhubiri Kristo aliyesulubiwa?"

"Ujumbe huo wameshausikia, mzee. Tangu wakiwa watoto. Watu wana shida za leo, wanataka neno la leo."

"Haya. Dada yangu ana dhambi gani?"

"Anajua Mungu."

"Na kama anayo, itaondolewa na nini?"

Hapo nilimtegemea amtaje Kristo. Nakiri nilimtegemea. Mtoto yeyote wa darasa letu la kipaimara angejibu swali hilo bila kuinua macho. Mwinjilisti aliangalia baiskeli yake, akafikiri, akasema: "Afunge. Afunge na kuomba, halafu tutaona."

Nilikuwa nimekasirika tangu nilipoiona ile mifuko. Lakini jibu lile lilinipa hasira ya aina nyingine, isiyopiga kelele. Mwanamke anazama, na mtu aliyepewa kamba anamfundisha kubana pumzi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa dada. Nilimkuta jikoni, nikakaa kwenye gogo, nikaanza. Nilimweleza alivyojibu yule kijana, shamba lake lilivyopulizwa, zile chupa za kutoka Nachingwea, jinsi mahubiri yake yanavyoweza kuhubiriwa hata kama Kristo asingezaliwa. Niliyapanga vizuri, hoja baada ya hoja. Ugali ukaiva nikiwa bado ninaendelea.

"Mdogo wangu," dada alisema, "tangu umekaa unamsema yeye. Mimi umeniletea nini?"

Moto ulikuwa unafuka, akausogeza ukuni. Nikayaacha ya mwinjilisti. Nikamwambia yale ya zamani, kwa maneno machache: kwamba aliyekufa msalabani alikufa kwa ajili yake, si kwa ajili ya maua yake, kwamba dhambi anazozijua na asizozijua zimebebwa kule, kwamba Mungu hakai akisubiri yeye aipate moja iliyofichika ndipo amfungulie.

"Hayo nilifundishwa nikiwa mtoto," alisema.

"Yaliacha lini kuwa kweli?"

Alipakua ugali, tukala.

Baadaye mchungaji alikuja kutoka Ruangwa mjini kutupa chakula cha Bwana. Kwetu wazee wa kanisa ndio wanaopitisha mkate kwa sinia, benchi kwa benchi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kabla hatujaingia, mwinjilisti alituambia kwenye chumba cha nyuma: "Wasioshiriki mnawajua. Msiwapitishie." Mchungaji alikuwa anavaa kanzu, sijui kama alisikia. Mimi nilisikia.

Nilipitisha sinia hadi nikafika benchi la mwisho. Dada alikuwa amefunga mikono ndani ya khanga. Desturi ni kumruka asiyeshiriki kimyakimya, asiaibike. Nilisimama mbele yake nikamwinamishia sinia.

"Mwili wa Bwana, uliotolewa kwa ajili yako."

"Bado sijaipata," alinong'ona.

"Huu umetolewa hata kwa ile usiyoipata."

Vichwa vilianza kugeuka. Mzee mwenzangu alikwisha kurudi mbele na sinia lake tupu, na mwinjilisti alikuwa amesimama ananitazama. Niliamua kwamba sitaondoka pale hata ibada ikiishia hapo. Khanga ikajongea. Mkono ukatoka, wenye vumbi la mbaazi kwenye mistari ya kiganja, ukachukua mkate.

Kilichofuata kilikuwa cha kawaida. Niliitwa kwenye kikao. Niliulizwa kama nilikuwa nimesikia agizo, nikasema nilisikia. Niliulizwa kama najuta, nikasema hapana, na nikaomba mtu yeyote pale ndani anieleze dada yangu alikuwa amezuiliwa kwa dhambi ipi. Mchungaji alisema tutazame amani ya kanisa. Amani hiyo ilitazamwa, nikavuliwa uzee wa kanisa, na mwinjilisti akabaki na mimbari. Mpaka leo wapo wanaonisalimu kwa ncha za vidole.

Na korosho za dada hazikuokoka. Nalisema wazi, kwa sababu yapo masimulizi ambayo Mungu huleta mavuno ya ghafla ili mwenye haki aonekane. Hakuleta. Dada aliokota kidogo kwenye miti michache ya pembeni iliyopona kwa unga uliopeperuka kutoka kwa jirani, na mwaka mzima alikula muhogo na mbaazi. Lakini alirudi kumaliza sentensi zake. Tawi lililokauka, lile lililopakwa mafuta, alilifungua mwenyewe mtini, akalifanya kuni ya kupikia uji.

Msimu huu alifungua mifuko mapema. Jirani alileta mashine alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, na mimi nikashika njia nyuma yao nikijaza salfa. Wote watatu tulitoka shambani njano.

"Leo embe bivu ni nani?" jirani alimuuliza.

"Wewe ndiye embe bivu, shemeji. Mimi ndiyo naanza kuiva."

Jumapili ya maua ikafika. Dada alikata tawi, akaliweka chini ya meza kama walivyofanya wazazi wetu, akaja kukaa karibu nami. Mafuta yalipoletwa na watu wakaitwa mbele, hakuinuka. Mwinjilisti alihubiri kuhusu mwaka wa kuvuka. Nilisikiliza kama ninavyosikiliza siku zote, neno kwa neno, nikimngoja Kristo afike. Watu karibu yangu walikuwa na wagonjwa nyumbani, wana waliopotelea mijini, mambo wanayoyajua wao na Mungu tu, nao wakaambiwa wavuke. Hasira ikanipanda tena hadi kwenye meno. Sitaki kusema uongo kwamba imepoa.

Dada akaniinamia.

"Amefika msalabani?" alinong'ona.

"Bado."

Akatazama saa ya ukutani, kisha mwinjilisti, aliyekwisha kuanza maombi ya kufunga.

"Hafiki huyu," alisema. "Utanieleza wewe njiani."