Mwali wa Potasiamu

Shangazi yangu, dada wa baba, hajui kusamehe, na mimi sioni aibu kulisema hilo. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari. Hakusoma zaidi ya kidato cha nne, lakini elementi alizijua kama mtu anavyowajua majirani zake: nani mpole, nani mgomvi, nani hafai kuachwa karibu na maji. Zebaki aliiita mtoro. Heliamu aliiita mwenye maringo, kwa sababu haichanganyiki na mtu. Sodiamu, hiyo iliyomo kwenye chumvi ya kila jikoni, aliiita mropokaji.

"Ukiunguza chembe yake moja tu, inawaka njano mpaka wengine wote hawaonekani," aliniambia. "Sasa potasiamu ina mwali wa zambarau, laini, wenye haya. Sodiamu ikitia mguu hapo, basi tena. Mimi naipenda potasiamu."

Ndiyo maana kila waya wa kuunguzia sampuli aliuosha kwa asidi, akauchoma mpaka moto ukabaki hauna rangi. Hakufungua chupa kabla ya kunawa mikono. Wanafunzi tulimwita Mama Miali.

Mwalimu wa kemia tulimwita Profesa, ingawa uprofesa huo alijipa mwenyewe. Mfuko wa koti lake haukukosa karanga za chumvi. Shangazi akimwambia, "Mwalimu, mikono," yeye hucheka na kujibu, "Wewe shika ufagio, kemia niachie mimi."

Mwaka niliofanya mtihani wa mwisho, asubuhi ya mtihani wa vitendo, shangazi alitumwa kufuata mtungi wa gesi. Profesa akagawa sampuli na kupanga nyaya mwenyewe, huku anatafuna. Tulipowasha moto, kila mwali ulikuwa wa njano. Watahiniwa arobaini tukaandika sodiamu. Jibu lilikuwa potasiamu.

Matokeo yalipotoka, Profesa aliandika barua kwamba mtunza maabara alichanganya chupa kwa uzembe. Shangazi alikuwa ameweka akiba ya sampuli zilizobaki. Akawaomba walimu waziunguze na kutazama kwa kioo cha buluu, kile kinachozuia njano ya sodiamu, waione zambarau iliyofichwa nyuma yake. Profesa akawageukia wenzake: "Mfagiaji atufundishe kemia?" Wakacheka wote, mwalimu mkuu akiwamo. Shangazi akatolewa maabara, akapewa ufagio kweli. Barua ikabaki kwenye faili lake miaka tisa.

"Nitamlipa," alisema jikoni kwetu.

"Dada, hasira hasara," baba akamwambia.

"Hasara nimeshapata. Niachieni hasira yangu."

Mwaka huu ulikuwa umebaki mwezi mmoja astaafu, na barua ile ndiyo ingekuwa neno la mwisho juu ya kazi yake. Mawazo hayo yalimkosesha hata hamu ya kula. Ndipo shule ikaandaa siku ya wazi, na Profesa akapangiwa kuwaonyesha wazazi na wanafunzi wa zamani rangi za miali. Shangazi akaambiwa apange meza.

Alipanga. Chupa zilikuwa safi, na nyaya alizisafisha mwenyewe kwa asidi. Kisha akaweka bakuli la karanga za chumvi, zilizokaangwa alfajiri ile, pembeni ya kiwiko cha Profesa. Nilimwona akiinama kwa heshima: "Karibu, Mwalimu. Kemia ni yako." Bwana yule akakivaa kilemba cha ukoka, akachota karanga.

"Potasiamu, wazazi wangu! Zambarau!" Mwali ukawaka njano. Akajifuta vidole kwenye suruali, akachukua waya mwingine. Njano. Wa tatu, njano tupu. Watu wakaanza kunong'ona. Jasho likamtoka, akamnyooshea shangazi kidole.

"Kachanganya chupa! Ni yuleyule, hakubadilika!"

Hilo ndilo shangazi alilokuwa akilingoja miaka tisa. Alitembea polepole hadi mezani, akanawa, akaosha waya kwa asidi, akauchoma mpaka ukatakata. Akachota chini kabisa ya chupa ileile, mahali ambapo waya wa Profesa haukufika. Mwali ukatoka zambarau, watu wakaguna. Akausafisha tena, akaupitisha motoni bila kitu. Haukuwa na rangi.

"Sasa Mwalimu aushike tu. Kwa vidole viwili, pale nchani."

Profesa akarudi nyuma.

"Ushike," mwalimu mkuu akasema.

Akaushika. Shangazi akauingiza motoni, nao ukawaka njano kama taa ya barabarani. Mimi nilisimama nikapiga kelele mbele za wazee, "Mwaka ule niliandika sodiamu!" Wenzangu wawili wa darasa lile wakasimama pia. Adabu ilinitoka, na sijutii.

Jioni tulikuwa wanne ofisini kwa mwalimu mkuu. Profesa, macho chini, aliuliza kama wangeweza kuyamaliza kiutu uzima. Shangazi akamsogezea karatasi na kalamu, na faili lililofunguliwa kwenye barua ile ya zamani.

"Andika. Siku ya mtihani nilikula karanga."

"Dada yangu, tafadhali..."

"Mimi si dada yako. Andika."

Aliandika, akatia sahihi, akamsukumia mwalimu mkuu. Shangazi aliidaka karatasi njiani. Akaisoma, akairudisha mbele ya Profesa na kuweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Umesahau," alisema. "Karanga za chumvi."

Profesa akaongeza maneno mawili: za chumvi.