Gari Mbili za Kiingereza, Ukuta kwa Ukuta

Juzi nilikwenda Madinat Sultan Qaboos kununua dawa za presha, nikakuta watu wamepanga gari za kizamani nje ya maduka. Katikati ilikuwapo ya Kiingereza, ndefu, nyeusi, boneti inang'aa kama iliyopakwa samli. Kijana mwenye nayo akanambia, "Aina hii zilitengenezwa chache sana, ami. Pengine Maskati nzima ni hii tu." Nikamwambia utotoni mwangu nilizijua mbili, ukuta kwa ukuta. Akatabasamu, vile vijana wanavyowatabasamia wazee. Sikumlaumu.

Lakini zilikuwapo. Hatukuwa na muda mrefu tangu kutoka Unguja, na mtaani kwetu karibu kila nyumba ikisema Kiswahili. Waingereza wawili walipomaliza kazi zao hapa wakauza gari zao, moja kwa baba, nyengine kwa jirani. Harufu ya ndani nnaikumbuka mpaka leo: ngozi ya viti iliyopikwa na jua, petroli, na udi wa nguo za bibi. Ijumaa tukijibana nyuma watoto wote, viti vikituunguza mapaja.

Jirani akafariki. Mkewe akaifunika gari shuka, akasema ni ya mwanawe aliyekuwa akisoma Misri, akirudi ataiendesha.

Yetu ikiharibika kila mara. Spea zilitoka Uingereza kwa meli, na kwa kuwa gari zenyewe zilikuwa chache, hata huko zilikuwa za kutafutwa. Basi bibi akanituma kwa jirani, kama alivyokuwa akinituma kuazima chumvi. Kwanza kioo cha pembeni. Bibi akapeleka sahani ya vitumbua kushukuru, na sahani ikarudi na tende, maana kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Baadaye taa, kisha kabureta. Yule mama alikuwa na mzaha. "Mwambie bibi yako, kioo kilikuwa cha vitumbua. Rejeta ni ya biriani." Biriani ikaenda, na fundi wa Wadi Kabir, kwenye magereji, akaja kuifungua rejeta.

Kila mara mama yule akiongeza, "Na mwambie baba yako, mwanangu akirudi atavitaka vitu vyake." Baba akijibu, "Inshallah, spea zikija." Spea hazikuagizwa. Sote nyumbani tulijua, na sote tulipenda kupanda gari.

Mwana akarudi. Akaifunua gari mbele yetu. Vilibaki viti, usukani na bodi. Akakaa kwenye usukani kidogo, kisha akauliza, "Na ya kwenu, inakwenda?" Baba akasema inakwenda, akamnyooshea ufunguo. "Hapana, ami. Hiyo yenu." Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani. Mchana ule bibi alipeleka pilau. Jioni sahani ikarudi imeoshwa vizuri, tupu.

Bibi akaiweka kabatini. Bodi ya gari ya jirani ilikuja kuchukuliwa na watu wa vyuma chakavu.

Baba alipofariki, yetu ikaja kwangu. Haikuwa na eisi ya kupoza hewa, ikinywa petroli kama ngamia, na mimi nilikuwa nimeshanunua ya Kijapani. Nikaiuza Wadi Kabir kwa uzito wa chuma. Nusu ya gari ile ilikuwa ya mwana wa jirani, na sikumuuliza.

Sasa nnakaa Khuwair ya Kusini, ghorofani. Mlango wa pili simjui anayekaa. Akikosa chumvi huagiza kwa simu. Wanaopenda gari hizi wanajua ngapi zilitoka kiwandani. Ngapi zilimalizwa kwa kuombwa kidogo kidogo, baina ya watu waliopendana, hilo halimo katika hesabu zao.

Mwana wa jirani alipata habari kwamba nimeiuza. Alikuja nyumbani, akakaa, akanywa kahawa. Alipoinuka kuondoka akanishika mkono. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Gari ya baba si kitu kidogo." Nikamwambia ahsante, nikamfungulia mlango.