Mji Wenye Ng'ambo Yake

Barua pepe ya Namibia ilimkuta Mwalimu Theresia Rwegasira jikoni akikaanga dagaa, na dagaa wale waliungua wote. Hakujali. Aliisoma mara tatu, akamsomea mumewe Fadhili mara mbili, kisha akampa binti yao Tumaini, wa miaka tisa, aisome kwa sauti ili wasikie kama maneno yatabadilika. Hayakubadilika. Shirika moja la shule binafsi huko Namibia lilitaka kuanza kufundisha Kiswahili, lilikuwa limemsaili kwenye simu mwezi uliopita, na sasa lilikuwa linamtaka aanze Januari. Nyumba ipo. Mume na watoto waje. Hata mzazi mmoja tegemezi anaruhusiwa.

Kilichobaki ni kuchagua mji. Shule zilikuwa katika miji mitatu: Windhoek, ambao ndio mji mkuu, Swakopmund, ulio baharini, na Rundu, ambao barua iliutaja kwa mstari mmoja tu, kama mtu anavyomtaja shemeji mlevi: mji wa mkoani, kaskazini mashariki, kando ya mto. Jibu lifike Jumatatu kabla ya saa sita mchana.

"Hapo hamna cha kuchagua," alisema Mwalimu Isaya pale ofisini, shuleni kwao Mtwara mjini, Mnyaturu wa Singida ambaye maoni hayajawahi kumwishia. "Umekaa mkoani miaka kumi na minne. Mtu hawezi kutoka mkoani, akaikata Zambia nzima, akaenda kuripoti mkoani tena. Chukua Windhoek, dada. Usituaibishe."

Theresia alicheka tu, maana moyoni alikwisha kuchagua Swakopmund. Picha zake alikuwa amezitazama mpaka bando likaisha: nyumba za rangi ya waridi na manjano, barabara zilizofagiwa, bahari. Fadhili, fundi majokofu, alitaka Windhoek. "Penye ofisi nyingi pana viyoyozi vingi," alisema. Wakabishana siku tatu mfululizo, ubishi mtamu wa watu wanaojua kwamba popote watakapoangukia wamepata.

Lakini kulikuwa na sharti moja ambalo halikubishaniwa. Fadhili ni mtoto pekee wa mama yake, Bi Somoe wa Kitaya, kijiji kilichoko ukingoni mwa mto Ruvuma, naye alisema tangu mwanzo: "Mama akikataa, mimi sitoki." Fadhili si mtu wa kusema jambo mara mbili. Na Theresia hakuwa tayari kwenda bila mume wala, tuseme ukweli, bila yule bibi.

Maana Bi Somoe ndiye aliyempokea. Theresia ni mtu wa Muleba, kule ziwani, na alipomaliza chuo serikali ilimpangia shule ya Kitaya. Alilia ndani ya basi kutoka Kibiti mpaka Nangurukuru, akapumzika kidogo, akaendelea. Alifika na viatu vya visigino katika kijiji cha mchanga, akapanga chumba kwa mjane mmoja mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Jioni ile ile mjane akamwekea sahani ya ming'oko. Theresia akaigeuzageuza ile mizizi, akauliza inatibu nini.

"Njaa," akajibiwa.

Kuanzia hapo akaitwa Nshomile, kwa vile Wahaya wanavyosifika kwa kuutangaza usomi wao, na hakuna aliyelitamka jina lile kwa raha kama mwenye nyumba wake. Bi Somoe ndiye aliyemfundisha kuvua viatu, kununua samaki bila kulaliwa, kutofautisha gogo na mamba. Mwaka wa tatu, mwanawe Fadhili akaja kutoka Mtwara mjini kutengeneza jokofu la zahanati. Kazi ile ilimchukua wiki mbili. Jokofu lile halikuwa na ubovu wa wiki mbili. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa ya bomani, kwa kuwa mmoja ni wa kanisani na mwingine wa msikitini, na Theresia akahamishiwa mjini akiwa analia tena, safari hii kwa sababu anaondoka Kitaya.

Basi siku ya Alhamisi akampigia Bi Somoe. Mtandao ulikuwa unakatikakatika.

"Shikamoo, Mama. Mama, nimepata kazi! Tunahamia ng'ambo, sote. Tunataka na wewe uje."

Theresia akafumba macho.

"Ng'ambo?"

"Ndiyo, Mama. Ng'ambo."

"Kukaa kabisa?"

"Kukaa kabisa."

"Mwanangu, mbona mmechelewa hivyo kunambia! N'takuja. Tena nafurahi. Njooni mnichukue!"

Theresia alipiga kigelegele hadi mdogo wake Tumaini, Saidi wa miaka mitatu, akaamka analia. Fadhili alikaa kitandani akacheka peke yake muda mrefu. Hakuna aliyetegemea ingekuwa rahisi namna ile.

Jumamosi asubuhi wakapanda kirikuu ya Fadhili, ile anayobebea majokofu, kwenda kumchukua bibi aje mjini kwa ajili ya picha na maombi ya pasipoti. Njia nzima Theresia aliimba. Mikorosho ilikuwa imeanza kudondosha korosho, walipofika Mahurunga wakanunua mabibo, Tumaini akailowesha nyuma yote ya gari kwa maji ya mabibo, na hakuna aliyemgombeza. Siku kama ile mtu hagombezi.

Walipofika Kitaya wakamkuta Bi Somoe amevaa kanga mpya, ameketi juu ya gunia lililoshonwa mdomo. Pembeni yake kulikuwa na majembe mawili, panga, chupa ya mbegu za mpunga iliyozibwa kwa gunzi, na kuku watano waliofungwa miguu. Majirani walikuwa wamejaa uani.

"Shikamoo, Mama. Kuku wa nini?" akauliza Fadhili.

"Marahaba. Wa kuanzia maisha. Mama yako mdogo kanambia ng'ambo kuku wamekuwa adimu." Mama mdogo huyo ni ndugu yake Bi Somoe, aliyeolewa upande wa Msumbiji. "Nshamtumia salamu afagie kibanda. Shamba la bondeni katutengea. Na Ramadhani wa mtumbwi kasema wewe ukishatuombea kibali tu, anatuvusha bure."

Theresia akageuka kuutazama mto.

Kila mwaka, kidato cha pili, huwa anaandika neno hilo ubaoni: ng'ambo. Moja, upande wa pili wa maji. Mbili, nchi za mbali. Kitaya wana moja tu. Ng'ambo ni ule ukingo unaouona ukisimama kwenye migomba. Watu wa Kitaya wamezaliwa huku wakaolewa kule, wamelima kule wakazikwa huku. Anayekwenda ng'ambo hata haagi, kwa sababu kuaga ni kwa msafiri. Husema tu, "Navuka," wenzake wakaitikia, "Haya," na jioni wanamwona amerudi na kikapu chake. Tangu zile vurugu za ng'ambo za miaka ya karibuni, kuvuka kukawa kwa kibali na maelezo marefu, na Bi Somoe, aliyeuza mchele katika masoko ya kule, hadi Palma, kwa miaka thelathini, alikuwa hajalisema neno lile kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana alikubali upesi. Hakuikubali Namibia. Alikubali kuvuka.

"Mama," Fadhili akasema taratibu, "si ng'ambo hii."

"Kwani kuna nyingine?"

"Namibia."

"Ndiyo wapi? Baada ya Palma?"

"Baada ya Zambia, Mama."

Bi Somoe alianza kwa kucheka. Kisha akamtazama Theresia. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenambia ng'ambo."

Mwalimu wa Kiswahili wa miaka kumi na minne, ameangushwa na neno lake mwenyewe. Bi Somoe akainama akaanza kuwafungua kuku miguu, mmoja mmoja, bila haraka.

"Sikwendi," akasema. "Nendeni salama."

Majirani wakakumbuka kazi zao. Fadhili akaenda kusimama karibu na gari na kuwapa mgongo, na Theresia alijua maana ya mgongo ule. Namibia ilikuwa inaondoka na wale kuku, inaingia nao migombani. Aliona aibu, na aliogopa. Akaketi chini mchangani, pembeni ya gunia.

"Nisamehe, Mama. Nimekosea mimi, na ndiyo kazi yangu."

Bi Somoe alimfungua kwanza kuku wa mwisho. Halafu, kwa kuwa udadisi ni ugonjwa wake wa siku zote, akauliza, "Huko mnakokwenda kuna nini?"

Theresia akatoa simu mbio. Akamwonyesha Swakopmund, zile nyumba, ile bahari. Bi Somoe akaisogeza simu mbali na macho.

"Na ukitazama mbele ya haya maji, unaona nini?"

"Maji, Mama."

"Na ukivuka?"

"Hakuvukiki. Ni bahari kuu."

"Sasa mtu akae anatazama nini?"

Akamwonyesha Windhoek. Bi Somoe akaulizia mto. Theresia akakiri kwamba mito ipo, lakini mwaka karibu wote haina maji.

"Mji hauna hata mto," Bi Somoe akasema kwa huruma ya kweli, akairudisha simu.

"Bibi, kuna wa tatu," akasema Tumaini.

Theresia karibu amkataze. Ule wa tatu hawakuwa wameujadili hata siku moja. Lakini mtoto alishafungua ramani, akaweka kidole juu ya Rundu, akakuza. Mstari wa buluu ukajitokeza, umejipindapinda.

"Huu mto?"

"Mto, Bibi. Unaitwa Okavango."

"Una mamba?"

"Una mamba na viboko."

Bi Somoe akasogea. Kwake yeye mto usio na mamba ni mfereji. "Na huku upande wa pili ni kina nani?"

"Angola. Ni nchi nyingine."

"Watu wanavuka?"

Tumaini akatafuta picha. Ilikuwepo: kina mama wameketi mtumbwini, vikapu magotini, ukingo mmoja nyuma na mwingine mbele. Bi Somoe akaichukua simu kwa mikono miwili. Hakuisogeza mbali tena.

"Hawa wa upande wa pili wanasema lugha gani?"

Jambo lile Theresia alikuwa amelisoma, akalipita tu.

"Kireno, Mama," akasema. "Angola wanasema Kireno."

Bi Somoe akasimama. Kireno chake kilikuwa cha masoko ya Msumbiji, cha salamu, bei na magomvi, lakini kwa mambo hayo matatu kilikuwa kimekamilika. "Bon dia, sinyora!" akaisalimia ile picha. Akaiuliza na bei: "Kwantu kushta?" Majirani, ambao kumbe hawakwenda mbali, wakaangua kicheko. Akamgeukia Theresia. "Wewe na usomi wako, unakijua?"

"Hata neno moja, Mama."

"Fadhili?"

"Matusi tu," Fadhili akajibu kutoka kwenye gari.

"Sasa huko sokoni ataingia nani?"

Theresia aliwaza zile nyumba za waridi, zikamuuma kidogo. Halafu akamtazama mama mkwe wake, amesimama kati ya majembe na simu mkononi, na furaha ikamjaa. Mtwara haikumkalisha yeye kwa uzuri wa Mtwara. Alikalishwa na mtu mmoja aliyejua kuishi hapa. Sasa alikuwa anakwenda ugenini na watoto wawili, na katika miji mitatu ulikuwepo mmoja tu ambako familia yake ilikuwa na mtu anayejua kuishi kwenye mto kama ule, tena mwenye lugha ya upande wa pili. Isaya angecheka? Na acheke. Mkoani palimpa mume, watoto na mama. Jiji limempa nini zaidi ya foleni?

"Nshomile hapa ni wewe, Mama," akasema. "Uje uniongoze."

"Sasa unaongea," akasema Bi Somoe.

Mtandao ukakatika tena, wakateremka wote ukingoni kuutafuta. Hapo simu ikashika mnara wa upande wa pili, na ujumbe ukaingia kuwakaribisha Msumbiji.

"Umeona?" Bi Somoe akasema. "Hata simu imevuka."

Theresia akaandika mstari mmoja, nachagua Rundu, akatuma. Tumaini akaruka juu akipiga kelele, "Rundu kuchele!" kama watu wa kwao wasemavyo "Mtwara kuchele", yaani kumekucha, na Saidi, ambaye hakujua kitu, akaruka naye.

Siku waliyomchukua Bi Somoe ilikuwa ya mapema Januari, mvua imetoka kukatika. Wangekwenda kwa barabara, mabasi ya siku kadhaa, kwa kuwa ndege aliikataa katakata. Majembe alimwachia Ramadhani. Kijiji kizima kilikuja na macho mekundu, tayari kwa kwaheri, na mabibi wenzake walikuwa wamekwisha kushika ncha za kanga. Bi Somoe akapita katikati yao kama anayewahi soko, akapanda kirikuu, akajifunga mkanda aliofundishwa jana yake.

"Somoe!" bibi mmoja akapaza sauti, imekwaruza. "Yaani hutuagi?"

Bi Somoe akatoa kichwa dirishani. Theresia, aliyebanana naye, aliona kidevu chake kinatetemeka, lakini sauti haikutetemeka.

"Niage nakwenda wapi?" akasema. "Navuka."

Wakatazamana. Kisha wakaitikia wote kwa pamoja, kama zamani: "Haya."