Siku Nilipomhamisha Dada

Nakumbuka Jumamosi moja niliyoamka na swali lililoninyima usingizi: nikamchukue dada yangu, au nimwache alipo?

Mwanangu, wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, kila jambo nalipima mara kumi na bado naliogopa. Baba alishafariki, na mimi ndiye niliyekuwa mwanamume pekee wa nyumba yetu ya Temeke. Jana yake shemeji Salim alikuwa amemwacha dada Zuhura talaka moja, kwa hasira, baada ya ugomvi wa maneno ya mawifi. Hakumpiga wala hakumfukuza. Alitamka tu, akaenda kazini.

Mama hakuwa na swali. "Nenda Kimara ukamlete. Mwanamke aliyeachwa hakai kwa watu."

Nami nilikuwa nimesikia darsa kwamba mwanamke wa talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mkewe, hukaa eda, miezi kama mitatu ya kungoja, katika nyumba ya mumewe. Hatolewi, na malazi na chakula ni haki yake, huenda Mungu akaleta suluhu. Lakini nililisikia kwenye msikiti wa wasiosoma maulidi, na sisi ni watu wa maulidi. Nikajiambia, hayo ni yao. Nikakodi kirikuu, kigari cha kubebea mizigo.

Zuhura nilimkuta anaosha vyombo. "Nani kakwambia nataka kuondoka?"

"Dada, watu watasemaje?"

"Watu wapi? Hapa nipo mie na masufuria."

"Unatuaibisha."

Neno hilo ndilo lililomshinda. Akafuta mikono, akafunga mizigo bila kunitazama. Godoro nikalibeba mimi.

Salim akarudi kwenye nyumba tupu, akaamini mkewe hamtaki tena. Hata hivyo mwezi wa pili wa eda alikuja Temeke, kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Sikumwita dada. Nilimsimamisha mlangoni nikamweleza haki za wanawake kwa nusu saa, yote niliyosoma chuoni. Alikuja kumrejea mkewe, akapata mhadhara. Akaondoka. Eda ikaisha, na kwao wakaeneza kwamba Zuhura aliikimbia ndoa. Miezi michache baadaye Salim akaoa.

Nilikwenda kuwalalamikia akina Salim kwa mwalimu wangu wa madrasa, mzee aliyetusomea maulidi miaka yote. Alifunua msahafu kwenye Suratut-Talaq, akanitaka nisome aya ya kwanza na maana yake. Msiwatoe katika nyumba zao.

"Hii uliisoma kwangu ukiwa na miaka tisa," akasema. "Mbona hukuja kuniuliza?"

"Nilidhani ni maneno ya wale, mwalimu."

"Wale wana Kurani yao?" Akafunga msahafu. "Umemchukia msemaji, ukaitupa haki ya dada yako. Usilie hapa. Kalie kwake."

Nikarudi nyumbani kumwomba msamaha. Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho. "Salim alitamka neno," akasema. "Godoro ulibeba wewe, mdogo wangu." Mpaka leo tunakula sahani moja sikukuu zote, na neno hilo limekaa katikati yetu.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuchagua jibu kwa kutazama mlango lilikotokea. Tutatofautiana katika maulidi, katika dua ya kunuti kwenye sala, na Mungu ndiye atakayetuhukumu. Haki ya mwanamke usiiingize kwenye ugomvi huo. Dada yako akipigwa, mtoe saa hiyo hiyo, usisubiri fatwa. Lakini akiachwa kwa neno la hasira, muulize yeye kwanza anataka nini, kisha wakalishe wazee wa pande mbili. Na aibu ya watu usiifanye kuwa dini. Mungu akupe moyo wa kusikia haki hata ikitoka kwa usiyempenda, na akuepushe na majuto yanayokuja wakati eda imeshakwisha.

Mimi, Ijumaa iliyofuata baada ya Zuhura kuniambia neno lile, nilikwenda Kimara, nikakaa mkekani mbele ya baba yake Salim na ndugu zake wote, nikasema: "Zuhura hakukimbia. Nilimhamisha mimi, naye hakutaka."

Mzee akanitazama sana. "Umechelewa, kijana," akasema. "Lakini hapa kwangu hataitwa mkimbizi tena."